Pete yangu imegeuka nyeupe: zebaki inayochomwa jikoni ina madhara gani, na tuiache kwa njia ipi?

Mama Tunu

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi wa afya na wa uchenjuaji wa dhahabu, yaani kuitenga na mawe, kwa kuwa jambo ninalouliza liko ndani ya nyumba yangu, na mpaka sasa nimeambiwa mengi yanayopingana.

Ninaishi katika mji mdogo wa machimbo mkoani Geita pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili na mdogo wangu wa kiume ambaye ana hisa katika duara, yaani shimo la machimbo. Mawe yao husagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, unga ukapitishwa mwaloni, yaani kwenye mteremko wa kuoshea uliotandikwa magunia, na ule mchanga mzito unaonaswa na magunia huletwa nyumbani ndani ya ndoo. Mdogo wangu huumimina kwenye karai, akatia zebaki na maji kidogo, akaukanda kwa mikono mitupu hadi dhahabu ikamatike, akakamua kwa kitambaa, kisha kile kibonge cheupe kinachobaki hukiweka juu ya kipande cha bati kwenye jiko la mkaa. Angeweza kuchomea kule mwaloni, lakini anahofia kuibiwa na hapendi watu wajue amepata kiasi gani, kwa hiyo huchomea jikoni kwangu, mlango ukiwa umerudishwa, mara mbili au tatu kwa wiki. Kazi ikiisha, mimi huingia na kupika chakula cha jioni hapo hapo.

Kilichonishtua ni pete. Mwezi uliopita nilikifua kile kitambaa pamoja na nguo nyingine, na kabla ya jua kuzama pete yangu ya ndoa, ambayo ni ya dhahabu, ilikuwa imeingia doa jeupe upande wa kiganjani. Nililisugua kwa majivu, nikalisugua kwa dawa ya meno, halikutoka. Kesho yake lilikuwa limeenea nusu ya pete. Sonara aliitazama mara moja tu akasema ni zebaki, na akataka kuipasha moto papo hapo ili weupe uondoke. Nilikataa, kwa sababu nilikumbuka kuwa hicho ndicho kinachofanyika jikoni kwangu. Nikaivua, nikaifunga kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo nimeanza kumtazama mdogo wangu kwa makini zaidi. Ana umri wa miaka 31, lakini akishika kikombe cha chai, kikombe hugongagonga kisahani mpaka chai imwagike. Halali usiku, hukasirika kwa mambo madogo, na husahau alikoweka vitu dakika chache baada ya kuviweka. Amekwenda kituo cha afya mara tatu. Mara mbili alipewa dawa za malaria na mara moja za homa ya matumbo, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Mimi mwenyewe nina ujauzito wa miezi minne.

Ninachoomba kufahamu ni hiki: je, hatari iko katika kuigusa zebaki, kama wanavyosema wengi hapa, au iko katika moshi? Je, maji ya kisima chetu na samaki tunaowala vimeshaingiwa? Na kwa kuwa mdogo wangu hana kazi nyingine, na fedha hiyo ndiyo inayolipa ada za watoto wangu, ipo njia ya kuipata dhahabu ambayo mtu wa hali yake anaweza kuimudu? Tafadhali msiniambie tu kwamba aache.

Afisa Afya Mstaafu

Mama Tunu, mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimefanya kazi ya afya ya jamii katika wilaya zenye machimbo kwa miaka mingi, na dalili ulizozitaja, yaani mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kusahau, ndizo zinazojulikana kwa watu wanaovuta mvuke wa zebaki kwa muda mrefu. Sisemi kwamba nimempima mdogo wako kwa maandishi yako, kwa maana kutetemeka kuna sababu nyingine pia; nasema kwamba apimwe kwa ajili hiyo, na apimwe mapema.

Swali lako la kwanza ndilo lililo muhimu kuliko yote, kwa sababu watu wengi machimboni wanaogopa kisichotisha sana na kuzoea kile kinachoua. Zebaki ikiwa maji maji, ile inayometameta na kukimbia kimbia kiganjani, hupenya ngozi kwa kiasi kidogo, na hata mtu akiimeza kwa bahati mbaya, karibu yote hutoka tumboni kwa njia ya haja. Hii ndiyo sababu mchimbaji huikanda miaka mitano bila kuona jeraha lolote, akahitimisha kwamba maneno ya maofisa ni vitisho tu. Lakini zebaki hiyo hiyo ikigeuka mvuke na kuvutwa kwa pumzi, takriban asilimia 80 yake hubaki mwilini. Hupita kwenye mapafu, ikaingia katika damu, ikafika kwenye ubongo na figo. Tena huanza kutoa mvuke hata bila moto, kidogo kidogo, ikiwa wazi ndani ya chumba chenye joto. Mvuke wake hauonekani na hauna harufu. Ule moshi mweupe ambao mdogo wako huuona ni sehemu tu ya kile kinachotoka.

Naomba tufanye hesabu ya jiko lako, kwa sababu hesabu itasema vizuri kuliko mimi. Kibonge kilichokamuliwa kwa kitambaa mara nyingi huwa na zebaki karibu nusu ya uzito wake. Akichoma kibonge cha gramu 10, basi gramu 4 hadi 5 za zebaki zinakwenda hewani. Tuseme jiko lako lina urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu, na tuseme karibu mvuke wote umetoka kwa mlango na dirisha, ikabaki sehemu moja tu kati ya elfu moja. Sehemu hiyo peke yake inatosha kuifanya kila mita ya ujazo ya hewa ya jiko iwe na takriban maikrogramu 200 za zebaki (maikrogramu ni sehemu moja kati ya milioni ya gramu), ilhali kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekielekeza kwa hewa ambayo watu wanaivuta mwaka mzima ni maikrogramu 1. Na katika hali halisi kinachobaki ni zaidi ya hapo, kwa kuwa mvuke ukigusa ukuta wa baridi, mabati na masizi ya dari, hupoa na kushika hapo, kisha unapowasha jiko kupika ugali, joto huuamsha tena.

Kwa hiyo wewe na watoto mmekuwa mkivuta zebaki hata siku ambazo mdogo wako hayupo nyumbani. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu ya ujauzito wako: mvuke wa zebaki hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, na ubongo unaojengwa ndio unaodhurika kirahisi kuliko ubongo wowote. Usiingie tena katika jiko hilo mpaka lisafishwe, na usifue tena nguo zake za kazi. Pikia nje au kwa jirani.

Mkienda hospitali, nendeni ya mkoa au ya rufaa, na sentensi ya kwanza mtakayomwambia daktari iwe hii: "Anachoma zebaki, na sisi tunaishi naye." Kwa waliovuta mvuke, kipimo kinachofaa zaidi ni cha mkojo, cha nywele hufaa zaidi kwa zebaki inayotokana na kula samaki, na mara nyingine watu hupimwa kipimo kisicho chao wakaambiwa wako salama. Zebaki hupungua mwilini kwa kadiri ya nusu katika muda wa miezi miwili hivi iwapo mtu haongezewi nyingine, kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuondoka kwenye mvuke. Zipo dawa za kuivuta itoke mwilini, lakini ni za kusimamiwa na daktari, na hazina maana kwa mtu atakayerudi kuchoma jioni ile ile. Figo zake pia zichunguzwe.

Inaniuma kwamba alikwenda mara tatu bila kuulizwa kazi yake. Katika wilaya za machimbo swali hilo lingepaswa kuulizwa pamoja na jina na umri, na ninawaomba vijana wa kada yangu wanaosoma hapa walianze kesho.

Mchenjuaji wa Lwamgasa

Mzee wangu, shikamoo. Dada Mama Tunu, pole sana. Nimo katika kazi hii mwaka wa kumi na mbili sasa, na miaka saba ya mwanzo nilichoma kama mdogo wako anavyochoma, kwa hiyo nitajibu lile swali la tatu, la njia ambayo mtu wa hali yetu anaweza kuimudu.

Hatua ya kwanza, ambayo haihitaji kuacha zebaki kesho asubuhi, ni ritoti. Ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na juu ya kifuniko limetoka bomba la chuma lililopinda kuelekea chini. Kibonge huwekwa ndani ya kikombe, kifuniko kikabanwa kwa skrubu, kikombe kikawekwa motoni. Zebaki huchemka ikifika nyuzi 357, wakati dhahabu haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1,060, ndiyo maana moto wa mkaa unaitoa zebaki na kuiacha dhahabu. Mvuke hukosa pa kutokea isipokuwa kwenye bomba. Bomba likipozwa kwa matambara yaliyoloweshwa maji, mvuke hugeuka tena kuwa zebaki na kudondokea kwenye chombo chenye maji. Ritoti iliyofungwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya zebaki. Fundi wa kuchomelea anayejua kazi yake anaweza kuitengeneza kwa vipande vya bomba la maji, ila lisiwe bomba lililopakwa zinki, na ndani kusiwe na shaba nyekundu wala alumini, kwa sababu zebaki huzila metali hizo.

Kuna mambo mawili ambayo wanaofundisha ritoti huyapita haraka, na ndiyo yanayowafanya watu waitupe. Moja ni ncha ya bomba. Ukiizamisha ndani ya maji, na moto ukapungua ghafla, kikombe hunyonya maji kurudi ndani. Maji yakigusa chuma kilichowaka hugeuka mvuke kwa mara moja, na kikombe kinaweza kupasuka. Nimeona kifuniko kikiruka na kutoboa bati la banda. Ncha ikae juu ya maji kwa upana wa kidole, na iviringishwe kitambaa chenye maji kinachoning'inia hadi ndani ya chombo. Jingine ni rangi. Dhahabu inayotoka kwenye kikombe cha chuma huwa imefifia, ina weusi au ukahawia, na wanunuzi wengine hutumia sababu hiyo kushusha bei. Dhahabu hiyo haijapungua hata chembe. Tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, dhahabu inapimwa usafi wake kwa mashine, kwa hiyo mdogo wako aipeleke huko, asikubali kupimiwa kwa macho uchochoroni.

Ritoti pia hurudisha fedha. Zebaki iliyotumika mara kadhaa huchoka, hukatikakatika kuwa vipunje vidogo visivyoshika dhahabu, watu wakaimwaga na kununua nyingine. Haina haja ya kumwagwa. Mimina zebaki hiyo kwenye chupa au bakuli la plastiki, juu yake weka maji yenye chumvi ya mezani, kisha tumia betri ya gari ya volti 12: waya wa upande hasi uguse zebaki, wa upande chanya ukae ndani ya maji ya chumvi bila kuigusa. Baada ya dakika kumi na kitu inakusanyika na kung'aa kama mpya. Ifanyike nje, kwa kuwa hutoka gesi ya klorini.

Sasa nije kwenye kuiacha kabisa. Mkataba wa Minamata, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, haukusema kwamba mchimbaji mdogo aache zebaki siku hiyo hiyo. Uliagiza nchi zipunguze na, inapowezekana, ziondoe kabisa, na ukataja mambo manne yanayopaswa kukomeshwa kwanza: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya ule mchanga mzito pekee, kuchoma kibonge mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kuyapitisha kwenye sayanaidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu, marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu, ambayo yana zebaki ambayo haijaondolewa. Mdogo wako anafanya la pili na la tatu kwa wakati mmoja. La nne linafanyika karibu kila mahali, na ndilo linalonitia hofu zaidi kwa miaka ijayo, kwa sababu sayanaidi huiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, ikawa nyepesi kusafiri na maji ya mvua kuelekea mito.

Wachimbaji wenzangu wanaosoma hapa watasema bila zebaki hakuna dhahabu. Napenda wazingatie kwamba zebaki mara nyingi huiacha zaidi ya nusu ya dhahabu iliyomo katika mawe yetu. Ndiyo sababu kuna wenye mitambo wanaokuja kununua marudio yetu kwa lori, na hawayanunui kwa huruma. Dhahabu iliyo ndogo sana, au iliyofungwa ndani ya madini ya salfidi, yaani yenye salfa, haikutani na zebaki kabisa. Tunachoma afya yetu ili tupate sehemu ndogo ya dhahabu yetu, tukaiuza sehemu kubwa kwa bei ya mchanga.

Zipo njia za uzito peke yake. Ukisaga vizuri, ukachekecha, ukaupitisha unga mwaloni taratibu na kwa mwinuko sahihi, kisha ukaurudia ule mchanga mzito kwenye meza inayotikisika au kwenye karai la kupepetea mpaka ubaki kijiko kimoja cha dhahabu na uchafu mweusi, unaweza kukiyeyusha kijiko hicho kwa boraksi, yaani unga mweupe ule ule wanaoutumia masonara na wachomeleaji. Boraksi hulainisha uchafu ukayeyuka na kujitenga kama kioo, na dhahabu ikakusanyika chini. Wachimbaji wadogo wa Benguet nchini Ufilipino wameitumia njia hii kwa miongo kadhaa. Haifai kwa mawe yote. Inafaa pale dhahabu ilipo ya punje zinazoonekana na mchanga ukiwa umesafishwa sana, na inahitaji moto mkali wenye feni. Mwenye mawe ya salfidi atafute mtambo wa kaboni na sayanaidi unaosimamiwa ipasavyo, na asianze kwa zebaki. STAMICO, shirika la madini la taifa, ina vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi vilivyojengwa ili wachimbaji wadogo waone kwa macho uchenjuaji usiotumia zebaki. Mwambie mdogo wako akajionee kwanza, kisha abishane na mimi.

Kuhusu kuibiwa, anachokiogopa ni cha kweli. Sisi tulijenga kibanda kimoja cha kuchomea, mbali na nyumba, upande ambao upepo unakwenda porini, chenye ritoti nne zenye kufuli, na kila mwenye kibonge hukaa na ritoti yake mpaka ipoe. Hakuna anayejua mwenzake amepata gramu ngapi.

Mkazi wa Mwanza

Nawashukuru wote, lakini nadhani tunalipunguza jambo hili. Kama zebaki ni sumu kiasi hiki, kwa nini isipigwe marufuku moja kwa moja? Huko Minamata nchini Japani ugonjwa wa sumu ya zebaki ulitambuliwa rasmi mwezi Mei mwaka 1956, serikali ikachukua miaka 12 kukiri kwamba chanzo kilikuwa maji machafu ya kiwanda, na katika miaka hiyo watoto waliendelea kuzaliwa wakiwa wameathirika. Sisi tunaokula samaki wa Ziwa Victoria kila siku tusubiri mpaka lini?

Mtafiti wa Samaki

Ndugu yangu wa Mwanza, hofu yako ina msingi, ila Minamata na Geita ni hali mbili zenye tofauti ambayo inafaa ieleweke. Kule kiwanda kilimwaga moja kwa moja baharini zebaki ya methili, aina ambayo mwili huifyonza karibu yote kutoka kwenye chakula. Machimboni hutumika zebaki ya kawaida. Inayoanguka na mvua au kusombwa na marudio hutulia kwenye tope la mito, mabwawa na maeneo ya matete, na huko, mahali ambapo oksijeni ni kidogo, bakteria huigeuza taratibu kuwa zebaki ya methili. Ndipo huingia kwa wadudu wa majini, kisha samaki wadogo, kisha wakubwa wanaowala wadogo, ikiongezeka kila hatua. Kwa hiyo sangara mkubwa wa miaka mingi huwa na zebaki kuliko dagaa, ambaye maisha yake ni mafupi na chakula chake ni vijidudu.

Tafiti zilizofanywa ziwani tangu miaka ya 1990 zimekuta kwa jumla kwamba samaki wengi wako chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kilichokuwa kikitumika kimataifa. Mama Tunu asiwaogope samaki, tena akiwa mjamzito anawahitaji. Ale dagaa, sato na furu, na apunguze sangara wakubwa. Wa kuwaogopa zaidi ni samaki wanaovuliwa kwenye vidimbwi na vijito vinavyopokea maji ya mialo yenyewe. Kisima chenu kipimwe, hasa kama kiko chini ya mteremko wa mahali marudio yanapolundikwa, ingawa kwa kawaida zebaki hushikamana na udongo kuliko inavyoyeyuka majini, na si kisima kinachomtetemesha mdogo wake. Ni jiko.

Kuhusu marufuku, sidhani kama itafika mwaloni ikiwa mbadala haujafika. Zebaki ni nzito, lita moja ina zaidi ya kilo 13, kwa hiyo chupa ndogo mfukoni inatosha kazi ya wiki nyingi, na hakuna kizuizi cha barabarani kitakachoiona. Uuzaji wa kemikali tayari unahitaji usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na bado zebaki inauzwa kwa kipimo cha vifuniko vya soda. Ningependa nguvu ya kwanza ielekezwe kwa wanunuzi wa dhahabu mijini, kwa sababu dhahabu iliyochomwa machimboni bado hubaki na zebaki kidogo, nao huiyeyusha tena dukani, katikati ya mtaa wenye migahawa na shule, bila kifaa chochote cha kunasa mvuke. Wao ni wachache kuliko wachimbaji, wana anwani, wana leseni, na wanaweza kugharimia kifaa hicho.

Mama Tunu

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee. Nimemsomea mdogo wangu majibu yenu yote jana usiku, naye alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza habari za ile betri. Leo asubuhi ametoa jiko lake nje na amekubali kwenda hospitali Jumatatu. Mume wangu atamsindikiza, na mimi na watoto tutapimwa pia. Sasa nipo kwa jirani. Sakafu ya jiko ni ya udongo, na kwenye kona moja, nikimulika kwa tochi, naona vipunje vinavyong'aa. Nilitaka kuvifagia nikasita. Nifanyeje? Na ile pete, ambayo bado iko kwenye karatasi kabatini?

Afisa Afya Mstaafu

Umefanya vyema kusita, mwanangu. Ufagio huvunja kipunje kimoja kuwa mia na kuvitawanya. Wewe usiingie, kazi hii aifanye mume wako, asubuhi kukiwa na baridi, mlango na dirisha vikiwa wazi tangu alfajiri, akiwa amevaa glavu na nguo atakazozitupa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa zebaki, kwa hiyo asiitegemee. Vipunje avisogeze pamoja kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, avinyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na aviweke kwenye chupa ya plastiki yenye maji, iliyofungwa barabara. Asitumie kopo la alumini, kwani litatoboka. Kisha akwangue udongo wa juu wa sakafu, kina cha vidole vitatu au vinne, na kwenye ile kona azidishe, autie kwenye mifuko miwili iliyovaana na aufunge. Masizi ya dari na kuta yaondolewe kwa kitambaa kibichi, yasipanguswe makavu, na vitambaa hivyo viingie mfukoni humo. Kitu chochote kati ya hivyo kisitupwe chooni, kisichomwe, wala kisimwagwe karibu na kisima. Viwekwe mbali na nyumba, palipofungwa, na mumuulize afisa mazingira wa halmashauri mahali pa kuvipeleka. Sufuria zilizokuwa zikikaa humo zioshwe nje kwa sabuni na maji mengi, na kile kipande cha bati na lile karai visirudi tena katika kazi ya chakula.

Sakafu ya jiko ikishamwagiwa udongo mpya na kushindiliwa, liacheni jiko wazi mchana kutwa kwa wiki kadhaa kabla ya kupikia humo.

Mchenjuaji wa Lwamgasa

Pete usiiache kwenye karatasi kabatini, dada, kwa kuwa inaendelea kutoa mvuke kidogo kidogo mnapolala. Itie kwenye chupa ndogo yenye maji na kifuniko, na iwekwe nje ya chumba. Mdogo wako atakapokuja kuiona ritoti, aje nayo. Tutaiweka kikombeni peke yake, tuifunge, tuipashe moto mpaka zebaki yote ipite kwenye bomba. Itatoka imefifia na imeingia vitobo vidogo pale palipokuwa na doa, na sonara ataing'arisha.